Barua ya wazi kwa Mkuu wa Shule na Bodi: naomba mnirudishie vibao vyangu

Ndugu Mkuu wa Shule,
Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Shule,

YAH: ADHABU YA KIBAO KWA WANAFUNZI WANAOONGEA KISWAHILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza shuleni kwenu, na ni fundi seremala hapa mjini Muheza kwa zaidi ya miaka thelathini. Wengi wenu mnanifahamu kwa sura. Meza ya ofisi ya taaluma niliitengeneza mimi, na rafu za maktaba pia.

Sikupenda jambo hili, la watoto kuvishwa kibao cha mbao shingoni kwa kuongea Kiswahili, lifike hadharani. Mwezi wa tatu nilimwona mwalimu wa darasa, akanisikiliza kwa heshima, akaniambia liko juu ya uwezo wake. Mwezi wa nne nilikuja ofisini kwako, Mkuu wa Shule. Ulinipa kiti na maji ya kunywa, ukaniambia huo ni utaratibu wa shule. Mwezi wa tano niliiandikia Bodi barua, nikaileta mwenyewe na kusaini kwenye daftari la mapokezi. Sijajibiwa mpaka leo. Kwenye kikao cha wazazi nilinyoosha mkono mara mbili, mara zote mbili nikaambiwa muda umekwisha. Basi naandika mahali ambapo kila mzazi atasoma. Jina la shule silitaji, wala la mwalimu yeyote, wala la mtoto. Sina haja ya kumvunjia mtu heshima. Nina mambo matano.

1. Kibao chenyewe.

Mwishoni mwa mwaka jana mwalimu mmoja alipita karakana kwangu akaomba vibao viwili vidogo, ukubwa wa kiganja, vyenye tundu kwa juu. Nilidhani ni vya kufungia funguo za madarasa ili zisipotee. Nikachukua mabaki ya mtiki, nikavikata, nikavipiga randa, nikapitisha msasa kwenye kona ili zisikwaruze mtu, nikatoboa kwa keekee. Sikutoza hata senti tano, kwa kuwa ni kazi ya shule.

Jumanne moja ya mwezi wa pili binti yangu alirudi nyumbani jioni, ameinua kola ya shati mpaka masikioni. Mama yake akamwambia aishushe, akakataa. Alipoishusha tukaona alama nyekundu ya kamba ya katani imezunguka shingo. Na ndani ya begi, chini ya madaftari, kilikuwemo kibao. Nilikitambua kabla sijakigeuza, kwa sababu kile kilikuwa na fundo dogo pembeni ambalo nilihangaika nalo siku ile. Upande wa pili kimeandikwa kwa rangi nyekundu, kwa Kiingereza, kwamba aliyekivaa ameongea Kiswahili. Aliyelala nacho nyumbani husimamishwa mbele ya mstari asubuhi, wenzake wakamzomea, kisha akapewa adhabu ya kudeki vyoo au viboko, kadiri mwalimu wa zamu atakavyoona.

Nilimuuliza alisema nini. Akasema, "Baba, nilisema pole." Mwenzake alijikwaa kwenye ngazi ya darasa, ukucha ukang'oka, damu ikatoka, naye akamwambia pole. Kiranja akasikia.

Nimewauliza watu wanaokijua Kiingereza vizuri: mwenzako akijikwaa, unamwambiaje? Wamenitajia maneno ya kuomba radhi, lakini hayo ni maneno ya aliyekosa. Binti yangu hakumkosea mtu. Alimwonea huruma mwenzake kwa neno alilofundishwa na bibi yake kabla hajajua kutembea, na kwa neno hilo akafungwa kamba shingoni. Mkuu wa Shule, mimi najua wewe mwenyewe siku ile ungelikuwa umesimama pale kwenye ngazi, ungemwambia yule mtoto pole.

2. Kibao kinawafanya watoto wachongeane.

Utaratibu ni kwamba mwenye kibao hukivua akimkamata mwingine anayeongea Kiswahili. Kwa hiyo aliyenacho huwa anawinda. Binti yangu amenieleza, na wakati anaeleza hakuweza kunitazama usoni, kwamba siku ya pili alikwenda kukaa chini ya mwembe karibu na rafiki yake wa tangu chekechea, akamchokoza makusudi kwa stori za nyumbani mpaka yule akasahau akajibu kwa Kiswahili. Akakivua, akamvika.

Watoto hao hawasemeshani mpaka leo. Walikuwa wakitembea pamoja kilomita nne kwenda na nne kurudi. Sasa mmoja hupita barabara kuu na mwingine hukata njia ya michungwa. Mama zao bado wanasuka ukili pamoja kwenye baraza moja na hawajui waseme nini. Sidhani mwalimu aliyeanzisha utaratibu huu alikusudia hayo. Lakini ndiyo yaliyotokea, na nilikwisha kuyasema ofisini.

3. Darasa limenyamaza.

Binti huyu alimaliza Darasa la Saba kwa Kiswahili, na alifaulu. Alipokuwa shule ya msingi hakuna jioni iliyopita bila kunieleza alichojifunza. Akiwa Darasa la Tano aliniambia kwamba jani linapika chakula chake kwa mwanga wa jua, na jambo hilo linaitwa usanisinuru. Mimi sikuwahi kulisikia neno hilo, lakini alipolitamka tu nikaanza kulielewa, maana nuru naijua. Tulitoka nje akanionyesha jani la mgomba.

Mwezi wa nne nilimkuta amekaa na daftari la Baiolojia anakariri, anayumba mbele na nyuma kama mtoto wa madrasa anayehifadhi. Nikamwomba anieleze kwa Kiswahili. Akashindwa. Nikamwambia asome tena polepole, nami nikachungulia mchoro: jani, jua, mishale inayoingia na mishale inayotoka. Nikamwambia, "Mwanangu, hii si ile ya mgomba?" Akautazama ule mchoro muda mrefu. Kisha akaniambia, "Baba, mimi nilidhani hiki ni kitu kingine."

Miezi minne alikuwa akikariri kama kitu kigeni somo ambalo alikwisha kunifundisha mimi baba yake. Nikamuuliza kwa nini hakumuuliza mwalimu. Akasema anaogopa kukosea Kiingereza mbele ya darasa, na kuuliza kwa Kiswahili ni kibao. Kwa hiyo hawaulizi. Anasema mwalimu akiuliza kama wameelewa, darasa zima huitikia ndiyo.

4. Walimu wenyewe.

Hapa naomba mnivumilie niseme kidogo habari zangu, kwa sababu sitaki mtu adhani nina ugomvi na walimu.

Nilipokuwa na umri wa binti huyu nilikuwa mtoro. Nilikuwa natoka nyumbani na daftari, naficha daftari kwenye kichaka cha mkonge, nashinda mtoni au nabeba machungwa kwa ujira. Shule niliiona mahali pa kuchapwa. Alikuwepo mwalimu mmoja wa Hisabati, sasa marehemu, Mungu amrehemu, ambaye hakunitafuta kwa fimbo. Siku moja alitutoa nje ya darasa na kamba ndefu ya katani. Akaifunga mafundo kumi na mawili kwa nafasi sawa. Akamwita mmoja ashike fundo hili, mwingine lile, pande zikawa tatu, nne na tano, akasema vuteni. Tukavuta. Kona moja ikasimama wima kabisa, kama kona ya nyumba. Akasema: "Hakuna aliyepima pembe hapa. Kamba imejua yenyewe. Nani ataniambia kwa nini?"

Tulibishana mpaka kengele ya kwenda nyumbani, na kesho yake tukaendelea. Kwa Kiswahili. Mtoro mimi ndiye niliyefika wa kwanza shuleni asubuhi hiyo. Sikuendelea zaidi ya Darasa la Saba, lakini kila fremu ya mlango niliyoisimamisha mji huu, skwea yake nimeipata kwa futi tatu, futi nne na futi tano. Nimelea watoto wanne kwa kamba ya mwalimu yule.

Ndiyo maana nawaheshimu walimu, na nchi hii ilijifunza kuwaheshimu zamani. Rais wa kwanza tulimwita Mwalimu mpaka alipofariki 1999, na hakuna cheo kingine kilichomkaa vile.

Sasa niwaambieni ninachokiona kwa walimu wenu vijana. Wapo wanaofunga mlango wa darasa, wakashusha sauti, wakaeleza jambo gumu kwa Kiswahili kama mtu anayeuza magendo, kisha wakarudi kwenye Kiingereza wakisikia viatu vya mkaguzi. Watoto wanawapenda walimu hao. Wananitajia vipindi vyao tu. Na mwalimu wenu wa Kiswahili, anafundisha ngeli na ushairi ndani ya kipindi, na kengele ikilia wanafunzi wake hawaruhusiwi kumwamkia shikamoo. Lazima wamsalimie kwa lugha nyingine. Fikirieni hali ya mwalimu huyo anapopita uwanjani.

Kwa upande mwingine, mwalimu anayeamuru kibao, watoto wanamkwepa. Wakimwona kwa mbali wanazima mazungumzo. Sidhani alikwenda chuo cha ualimu ili watoto wamkimbie.

5. Adhabu hii haijaandikwa popote.

Nimeuliza mara tatu: ni kanuni ipi inayoruhusu kibao? Sijaonyeshwa. Ninayoifahamu ni kanuni ya viboko, ambayo tangu 2002 inasema visizidi vinne, vitolewe na Mkuu wa Shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye daftari. Naomba kuona kwenye daftari hilo ni wanafunzi wangapi wamechapwa kwa kosa la kuongea Kiswahili.

Na lugha yenyewe ni ipi hii inayoadhibiwa? Wabunge wanatunga sheria kwa Kiswahili. Sheria ya 2021 imekifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, SADC, walikiingiza kwenye lugha zao rasmi 2019, Umoja wa Afrika wakakipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, na UNESCO wamekitengea siku yake, tarehe 7 Julai. Shuleni kwenu ngonjera ya kukisifu ilighaniwa mbele ya mgeni rasmi, tukapiga makofi, na wiki iliyofuata kibao kikaendelea kuzunguka. Mshtakiwa wa wizi wa kuku anajitetea kwa Kiswahili mbele ya hakimu. Mtoto wa Kidato cha Kwanza hawezi kumwambia mwenzake pole.

Kuna jambo jingine linaloniuma katika hili, na sijui kama linawahusu ila nitalisema. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mbondei, na Kibondei ndiyo lugha aliyolalia na kuamkia. Sisi wajukuu tulikuwa tunachekwa tukikisema mbele za watu, tunaambiwa ni ushamba, tukaacha. Hakuna aliyetukataza kwa sheria. Leo nabaki na salamu na majina ya miti mitatu minne. Bibi alipokuwa anakufa alirudi kwenye Kibondei chake, akasema maneno mengi siku mbili, na mimi niliyekuwa nimeshika mkono wake sikuyajua. Kwa hiyo mtu akiniambia kibao ni mchezo wa watoto tu, mimi siwezi kukubali.

Najua nitakayojibiwa, maana mengine nimekwisha kuyasikia.

Mtasema mtihani wa Kidato cha Pili na cha Nne ni kwa Kiingereza. Ni kweli, na hilo siwalaumu. Tume ya Rais ya Elimu ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari, Sera ya Elimu ya 2014 ikaandika kwamba kitumike ngazi zote, na mpaka leo sekondari zinafundisha kwa Kiingereza. Hilo haliamuliwi na shule ya kata. Nami nataka binti yangu akijue Kiingereza, tena akijue vizuri kuliko mimi ninavyojua kurandia. Lakini vitabu vya hadithi vya Kiingereza vilivyoletwa shuleni viko kwenye maboksi ndani ya stoo. Rafu nilizotengeneza zimewekwa majagi ya maji. Maktaba imefungwa na ufunguo uko kwa mtu mmoja ambaye mara nyingi hayupo. Mtoto atajifunza lugha kwa kuogopa kufungua mdomo, na vitabu vimefungiwa?

Mtasema wazazi wenyewe ndio wanaotaka. Kwenye kikao niliwasikia waliopiga makofi, na ni majirani zangu. Wanachotaka ni watoto wao wapate kazi. Hakuna aliyewaonyesha kamba ya katani. Waonyesheni kwanza, kisha wapige kura.

Mjumbe mmoja alinikumbusha kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Alisema, ndiyo. Na ni huyohuyo aliyekaa akafasiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili akiwa na kazi za nchi mezani. Alizijua lugha zote mbili na hakuna aliyoionea haya. Mtoto wa namna hiyo ndiye ninayemtaka.

Mtasema shule nyingi zinafanya hivyo, na kwamba hata ninyi mlivaa mlipokuwa wanafunzi na mkafika mlipofika. Hilo la pili ndilo lililonisikitisha zaidi nilipolisikia, kwa sababu aliyelisema aligusa shingo yake wakati anasema.

Ninachoomba ni hiki. Adhabu ya kibao ifutwe, itangazwe mstarini kwamba imefutwa, na watoto waambiwe kwamba kuongea Kiswahili si kosa. Walimu waruhusiwe wazi, mlango ukiwa wazi, kueleza kwa Kiswahili pale wanafunzi wanapokwama, kisha warudi kwenye Kiingereza cha mtihani. Vitabu vitoke kwenye maboksi. Kama rafu zimepinda nitakuja kuzinyoosha bila malipo, na kama hakuna wa kukaa maktaba mchana, wapo wastaafu wawili hapa mtaani, mmoja alifundisha Kiingereza miaka mingi, wamekubali kukaa kwa zamu. Tengeni siku ya mdahalo wa Kiingereza, anayekosea asahihishwe bila kuchekwa. Na Bodi iitishe kikao cha wazazi chenye ajenda hii moja kabla ya kufunga muhula.

Isipofanyika hivyo nitalipeleka suala hili kwa Afisa Elimu Sekondari wa Wilaya kwa maandishi, pamoja na nakala za barua zangu. Nalisema mapema ili msije mkaona nimewazunguka.

La mwisho ni dogo. Vile vibao viwili ni mbao zangu, na sikuvitoa kwa kazi hiyo. Naomba nivirudishiwe. Jumatatu saa mbili asubuhi, baada ya mstari, nitakuwa getini. Kimoja kina fundo pembeni, mtakitambua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa mwanafunzi, Kidato cha Kwanza
Fundi seremala, Muheza

Nakala: Afisa Elimu Kata
Nakala: Wazazi wote wa Kidato cha Kwanza